Cherehani Kilichokwenda Vitani

Benchi ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka ambalo mwenyewe alihama akaliacha na kufuli lake. Kila mtu ana mahali pake. Upande wa jiko la mkaa anakaa Mama Buli, muuza kahawa, ambaye mkono mmoja humimina na mwingine huonya. Anayemfuata ni Redio, mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kichwa kinachoshika hotuba neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha msemaji. Halafu Rangi, mchora vibao, mwenye kucha za rangi tatu. Halafu Komando, mlinzi wa ghala la mbao, ambaye jeshini hakuwahi kufika ila filimbi anayo. Mwisho kabisa, pale ubao unapobonyea, anakaa Fundi, mshona nguo, aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa ofisi ya mtaa, liko rundo la vyuma linalompita mtu mzima kimo: mageti, vitanda, masufuria, magurudumu, na juu yake kibao kimesimikwa, MALI YA TAIFA. USIGUSE. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa amekwisha kunywa vikombe viwili, na macho yake yalikuwa kule kwenye rundo.

— Leo Mkuu wa nchi kamtaja mara nne, alisema Redio. Anafungua daraja la watu kupita, anamtaja Mzee wa Vita mara nne!

— Mzee wa Vita na daraja wapi na wapi? aliuliza Mama Buli.

— Kasema yule mzee naye alipenda madaraja.

— Nani asiyependa daraja? Hata mbuzi wangu anapenda daraja.

Walicheka, wote isipokuwa Fundi.

Mzee wa Vita ndilo jina walilompa pale kijiweni. Alikuwa kiongozi wa nchi moja ya mbali yenye baridi, aliyekufa wengi wao wakiwa hawajazaliwa. Ilisemekana aliishika nchi yake wakati mabomu yakinyesha usiku na mchana, akakataa kupiga magoti. Mkuu wa nchi alimpenda mtu huyo mapenzi ya ajabu. Picha yake ilikuwa ofisini kwake, juu ya kiti. Alijinunulia fimbo kama ya yule mzee, ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Na hotuba yake haikwisha bila kumtaja, iwe ya shule, ya kisima au ya ng'ombe.

— Mimi najua sababu, alisema Rangi. Mkuu alisoma kule kule kwa yule mzee. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda alicholalia yule mzee alipokuwa kijana. Ukilalia kitanda cha mtu mkubwa, kuna kitu kinakupanda.

— Kunguni, alisema Mama Buli.

— Cheka tu, mama. Mimi niliwahi kulalia mkeka wa babu yangu, wiki nzima nikawa naota nachunga ng'ombe ambao sijawahi kuwa nao.

Fundi alikohoa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na kwa kawaida mpaka aanze kusema, wenzake huwa wamekwisha kuhamia jambo jingine. Safari hii aliwahi.

— Jamani, hivi mtu akitaka chake pale ng'ambo, anamwona nani?

Komando aligeuka na shingo nzima.

— Pale hakuna cha mtu, Fundi. Kibao hukioni?

— Nakiona.

— Basi. Chuma kikishaingia pale kimeapishwa.

— Kile kibao kilinitesa, alisema Rangi. Ile herufi ya kwanza nimeirudia mara tatu ndipo ikasimama. Nilitumia rangi ya mafuta, mvua haikiwezi.

Mama Buli aliinua buli. Alimwangalia Fundi, akammiminia kikombe cha tatu ambacho hakuagiza.

— Binti anafika leo? aliuliza taratibu.

— Basi la saa tano.

— Ameshahitimu?

— Amehitimu. Miaka miwili amefundishwa kushona, na cheti amepewa. Anasema sasa anataka afanyie kazi nyumbani, kwenye ile kona ya mama yake.

— Ee Mungu wangu, alisema Mama Buli, akafunika buli.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Marehemu mke wa Fundi alikuwa na cherehani chake mwenyewe, cha kukanyaga, cha chuma kuanzia kichwa hadi miguu, kizito kama dhambi. Fundi alikuwa na kingine cha umeme, cha kisasa, lakini cha mkewe kilishona hata turubai. Siku za mwisho, mama yule akiwa hana nguvu za kugeuka kitandani, alinyoosha kidole kwenye kona na kusema, "Kile ni cha mtoto. Usimpe mtu." Fundi alishika mkono wake akasema sawa. Hakuna shahidi mwingine aliyekuwemo chumbani.

Miezi mitatu baada ya mazishi, Jumapili moja asubuhi, Mkuu wa nchi alihutubia redioni. Alieleza jinsi watu wa nchi ya yule mzee walivyotoa vyuma vyao ili zitengenezwe ndege za kivita. Hotuba ilipokwisha, Redio alisimama juu ya benchi. Ndiyo, juu ya benchi, na viatu vyake.

"Mmesikia?" alisema siku ile. "Na sisi tumekaa tunakunywa kahawa!"

Kabla ya adhuhuri Komando alikuwa amebeba kitanda chake cha chuma kichwani. Rangi aling'oa geti la nyumba aliyopanga, bila kumwuliza mwenye nyumba. Mama Buli alitoa sufuria kubwa la pilikapilika za harusi. Mtaa mzima ukaingiwa na kitu. Watoto waliimba, wanawake walipiga vigelegele kila chuma kilipotua, na watu waliokuwa hawasalimiani walishikana mikono juu ya fremu ya baiskeli. Fundi alisimama pembeni mikono mitupu. Tangu mazishi alikuwa hatazamwi usoni. Watu huona haya kumtazama mfiwa. Lakini siku ile walimtazama, wakingoja.

Akaenda nyumbani. Akarudi akisukuma cherehani juu ya mkokoteni wa kuazima.

Kelele zilizopigwa hazijapata kusikika tena mtaa ule. Redio alimkumbatia. Komando alimpigia saluti. Mama Buli alilia waziwazi, akasema huyu ndiye mwanaume. Fundi alirudi nyumbani akiwa mrefu kuliko alivyotoka. Alilala vizuri usiku ule, mara ya kwanza tangu afiwe. Alipoamka asubuhi aliona kona iko wazi, na alikaa kitandani mpaka jua likaingia mlangoni.

Miezi minane ilikuwa imepita. Hakuna lori lililokuja. Hakuna ndege iliyotengenezwa. Fundi alikwenda ofisi ya mtaa mara tatu, na mara zote tatu karani alimwambia, "Suala hilo liko juu." Mara ya tatu aliuliza juu wapi. Karani akaonyesha dari.

— Nyote mmekosea, alisema Komando, maana mazungumzo ya kijiweni asubuhi hiyo hayakuwa yamesimama. Siyo kitanda. Mkuu anampenda yule mzee kwa sababu moja tu. Yule mzee alishinda.

— Alishinda, halafu? alidakia Redio. Mimi nina habari kamili. Vita vilipokwisha tu, watu wake wakapiga kura wakamtoa. Walimwambia asante mzee, pumzika. Sehemu hiyo Mkuu haisimulii hata siku moja. Akifika kwenye ushindi anarudi mwanzo.

— Wakamtoa? aliuliza Mama Buli. Baada ya kuwaokoa?

— Wakamtoa.

— Basi wale watu hawana utu.

— Au walichoka kula mikate ya kupimiwa, alisema Rangi. Mtu akikuongoza kwenye shida, ukimwona tu unaikumbuka shida.

— Ngoja niwaambie siri, alisema Komando, akashusha sauti na kuangalia huku na huku, ingawa aliyekuwa karibu ni kuku tu. Yule mzee hakufa.

— Ebo!

— Nasema hakufa. Mnajua ile nyumba ya Mkuu ina mapazia yasiyofunguliwa upande wa mashariki? Binamu yangu anapeleka maziwa pale. Kila asubuhi kuna kikombe cha ziada. Cha nani?

— Cha mtoto.

— Watoto wake wana ndevu! Nawaambia, yule mzee yumo mle ndani. Ana zaidi ya miaka mia na hamsini. Ndiye anayeandika hotuba. Ndiyo maana anajitaja mara nne.

— Anaandika kwa Kiswahili gani huyo mzee wa baridi? aliuliza Redio.

— Amejifunza! Miaka yote hiyo amekaa ndani, atafanya nini kingine?

Hapo hata Mama Buli alishindwa, akacheka mpaka majivu ya mkaa yakapeperuka. Kicheko kilikuwa hakijaisha Fundi aliposema tena, na sauti yake haikuwa kubwa kuliko mwanzo.

— Nimwambie nini mwanangu?

Redio alipunguza sauti ya redio yake.

— Mwambie ukweli, alisema Rangi. Mwambie kimekwenda kulinda nchi. Ni sifa hiyo.

— Kimekwenda wapi? Si kile pale? Mguu wake mmoja nauona kutoka hapa. Kila siku nauona.

— Fundi, wewe ulitoa kwa moyo, alisema Komando. Moyo haurudishwi.

— Nilitoa kwa moyo kitu kisichokuwa changu.

Hapo hapo binti mwenyewe akatokea barabarani. Basi lilikuwa limewahi. Alitembea upande wa kivuli, begi begani, na mkononi kifurushi kirefu cha kitambaa ambacho kila mshona nguo angejua ni mkasi mkubwa. Alikuwa na mwendo wa mama yake. Fundi aliinuka, na ubao ukarukia upande wa Mama Buli.

— Shikamooni, alisema binti.

— Marahaba, mwanetu! Marahaba! Karibu sana! Umekuwa mtu mzima!

— Shikamoo, Baba.

— Marahaba, mama. Umefika salama?

— Nimefika. Nimepita nyumbani kwanza.

Alitua begi. Mama Buli akanyoosha kikombe, binti akakipokea kwa mikono miwili, lakini hakunywa.

— Kwenye kona kuna alama nne sakafuni, alisema. Cherehani hakipo. Nikadhani umekipeleka kutengenezwa.

Fundi alitazama viatu vyake.

— Jumamosi iliyopita nilipopiga simu uliniambia umekitia mafuta.

— Nilikwambia hivyo.

— Na Jumamosi kabla ya hiyo.

— Na kabla ya hiyo pia, alisema Fundi. Mwanangu, kipo pale.

Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Binti alifuata kidole mpaka kwenye rundo, akasoma kibao, akarudisha macho kwa baba yake. Hakuelewa. Hapo wote wakaanza kusema kwa pamoja, Redio akieleza vita, Komando akieleza saluti, Rangi akieleza jinsi baba yake alivyopigiwa makofi kuliko mtu yeyote. Binti aliwasikiliza wote kwa adabu. Walipoishiwa pumzi alimgeukia Redio.

— Mjomba, naambiwa wewe unashika hotuba zote. Hiyo unaikumbuka?

— Kama jina langu!

— Naomba niisikie.

Redio alifurahi. Hakuna aliyewahi kumwomba. Kwa kawaida watu humwomba anyamaze. Alisimama, akashika fimbo isiyokuwepo, akavuta sauti ya Mkuu kutoka tumboni.

— "Ndugu wananchi. Nchi ile ilipoelemewa, yule mzee hakulia. Kina mama walitoa masufuria jikoni. Kina baba waling'oa mageti. Chuma kile kikawa ndege, na ndege zile zikalinda watoto wao. Watu wa namna ile, ndugu zangu, hawashindwi." Hapo akakohoa hivi, khm khm. "Sasa nigeukie suala la mbolea."

Alisubiri asifiwe. Binti alikuwa bado anamwangalia.

— Pale aliposema na sisi tulete, ni wapi?

— Pale… Redio alianza. Pale kwenye… Ngoja.

Akarudia hotuba kwa sauti yake mwenyewe, polepole, akihesabu kwa vidole kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Nchi ile. Yule mzee. Kina mama. Mageti. Hawashindwi. Alipofika kwenye mbolea alisimama. Akajaribu mara ya tatu, bila kutoa sauti, midomo ikicheza tu.

— Ilieleweka, alisema Komando.

— Nani aliielewa, mjomba?

— Sisi… ilieleweka tu.

— Na kibao? Nani aliagiza?

Rangi alimtazama Komando. Komando alimtazama Redio. Redio aliitazama redio yake, nayo ilikuwa inatangaza bei ya vitunguu. Karani wa ofisi ya mtaa, aliyekuwa amesimama dirishani na mswaki mdomoni, alirudi ndani taratibu.

— Na vita vyenyewe hatukuwa navyo, alisema Mama Buli, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Tulikuwa tumekaa hapa hapa.

Fundi hakusubiri zaidi. Alivuka barabara. Miezi minane, ukiacha zile safari tatu za ofisini, aliukwepa upande ule, akipita nyuma ya ghala ili asikaribie, na sasa zilikuwa hatua kumi na tano tu. Komando aliishika filimbi yake kwa mazoea, akaifikisha hadi kidevuni, kisha akaiachia ikaning'inia.

— Kitanda changu kipo juu yake, alisema. Nisaidieni tukiondoe. Mgongo wangu umekwisha kwa kulala chini.

Walitoa kitanda. Walitoa geti la mwenye nyumba, na fremu mbili za baiskeli, na masufuria ambayo sasa hakuna aliyejua lipi lilikuwa la nani. Mama Buli aliligeuza moja, akaligeuza jingine, akayaweka chini yote mawili. Cherehani kilikuwa kimelala ubavu, mdomo kwenye udongo. Meza yake ya mbao ilikuwa imevimba na kupasuka. Kutu ilikuwa imekula maandishi ya dhahabu ubavuni, ikabakiza herufi mbili ambazo peke yake hazikuwa na maana.

Binti alipiga magoti. Aliweka kiganja kwenye gurudumu la kuzungushia, akasukuma mbele. Akavuta nyuma. Akaegemea kwa uzito wake wote. Gurudumu halikuzunguka.

— Mafuta ya taa, alisema Rangi haraka. Ukikilaza wiki moja kwenye mafuta ya taa…

— Ndiyo, alisema binti. Huenda.

Hakuonekana kuamini. Alifungua begi, akatoa bisibisi, akaanza kulegeza skrubu zinazoshikilia kichwa cha cherehani kwenye meza. Mbili zilikubali. Ya tatu ilikatika. Fundi alichuchumaa upande wa pili akashikilia, na kwa muda walifanya kazi hivyo, baba na mtoto, bila kuangaliana, kama watu wanaopasua kuni.

— Nilitaka na mimi niwe nimetoa kitu, alisema Fundi. Wote walikuwa wanatoa. Nilisimama pale sina kitu mkononi, wakaniangalia.

Binti aliifuta bisibisi kwenye sketi yake.

— Ulikuwa umeshatoa, Baba. Mama alikuwa na miezi mitatu tu kaburini.

Wale wengine walikuwa wamesimama nyuma yao, na kila mmoja ghafla akapata kitu cha kukiangalia upande mwingine. Redio alisogea, akakunja mikono ya shati.

— Tuwabebee, alisema. Mimi na Komando. Ni kizito hicho.

— Asanteni, wajomba, alisema binti. Tutakibeba wenyewe. Miguu yake tutaifuata kesho.

Walikinyanyua kichwa cha cherehani, mmoja kila upande. Walivuka barabara, wakapita mbele ya benchi tupu lililobaki na vikombe vya kahawa iliyopoa, wakashika njia ya nyumbani. Kilikuwa kizito kweli. Kila baada ya hatua chache walisimama na kukiweka chini, kwa sababu baba alidhani mtoto amechoka, na mtoto alidhani ni baba.